Domeni nyingi, seva moja ya barua pepe: wanayosema mafundi na ulivyo ukweli

Kuanzia Kondele hadi katikati ya Kisumu utasikia kwamba kila domeni ya mteja inataka seva yake, au angalau anwani yake ya IP. Si hivyo. Postfix (programu ya seva ya barua pepe) moja yaweza kuhudumia hoteli ya Milimani, shule ya Vihiga na duka la dawa la Kakamega, kwa kuwa SMTP, itifaki ya kutumia barua pepe, humtaja mpokeaji kwa anwani kamili, na kinachofuata alama ya @ ndicho huamua njia. Rekodi za MX (za DNS, zinazotaja seva inayopokea barua za domeni) za domeni zote zaweza kuelekeza kwenye jina moja la seva. Liwe jina lakini, si namba ya IP.

Wala kila sanduku halihitaji akaunti ya Linux. Masanduku huorodheshwa kwenye faili ya jedwali au hifadhidata ya MySQL, na faili zote zikamilikiwa na mtumiaji mmoja wa mfumo.

Dhana inayoniudhi zaidi ni ya kuiandika domeni kwenye kila orodha ya Postfix "ili barua isipotee". Hapo ndipo inapopotea. Domeni iwe kwenye orodha moja tu: mydestination (barua za watumiaji wa mashine yenyewe), virtual_alias_domains (lakabu tu, yaani anwani zinazopeleka barua kwenye anwani nyingine) au virtual_mailbox_domains (masanduku yasiyohitaji akaunti za mfumo). Ukiitia ya hoteli kwenye mydestination, barua ya info@ ikija, Postfix itamtafuta "info" miongoni mwa watumiaji wa mashine. Asipokuwepo, barua hukataliwa. Akiwepo, na shule nayo umeiweka humo, barua za mgeni wa hoteli na za mzazi huangukia sanduku moja. Domeni ikiwa kwenye orodha mbili, Postfix yenyewe hulalamika kwenye logi, faili ya kumbukumbu zake. Tatizo ni kwamba logi haisomwi. Na ukitaka lakabu tu, jedwali la virtual_alias_maps hufanya kazi kwa domeni zote, hakuna haja ya kuiorodhesha domeni mara ya pili.

Kuhariri jedwali la hash (faili inayogeuzwa kuwa muundo wa kusomwa haraka) pekee hakutoshi: bila postmap, amri ya kuligeuza upya, seva inaendelea kusoma nakala ya zamani. Na MX yenye namba ya kipaumbele 10 hutangulia yenye 20, si kinyume chake.

Mwisho, wengi hudhani mteja akihamia Google, kubadilisha MX kunamaliza kazi. Barua za nje zitafika kweli, lakini fomu ya tovuti iliyobaki kwenye seva yako itaendelea kupeleka ujumbe kwenye sanduku la zamani. Domeni ikiwa bado kwenye orodha, Postfix huiona ni yake, wala haiulizi MX. Iondoe, fanya reload (Postfix isome mipangilio upya), kisha jaribu fomu ukiangalia logi.