Wanga: maana yake, na nafasi yake kwa anayepunguza uzito

Kiswahili kina wanga wa aina mbili. Kuna wanga wa usiku, wale wanaosemwa kwamba hucheza uchi kwenye nyua za watu, na kuna wanga wa mchana, ule ulioko kwenye sufuria ya ugali. Ukisikiliza maongezi ya watu wanaohangaika na kitambi siku hizi, utadhani ni wale wale. "Mchawi wetu ni wanga," aliniambia mwenzangu mmoja tukiwa mgahawani, akausogeza wali pembeni, kisha akajimiminia soda. Sikumbishia. Yeye ndiye aliyekuwa analipa.

Lakini alikosea, na kosa lake linaanzia kwenye maana ya neno lenyewe.

Katika lishe, wanga ni jina la ukoo. Vitabu vya shule huuita pia kabohaidreti. Humo ukooni mna sukari, chembe fupi zinazoingia kwenye damu upesi: sukari ya miwa, ya asali, ya tunda, ya maziwa. Mna wanga wenyewe kwa maana yake finyu, yaani minyororo mirefu ya sukari iitwayo glukosi, ambayo mmea huifungasha kwenye punje, mzizi au kiazi iwe akiba yake. Ndio huohuo unaotumika kukaza kanzu na kofia. Halafu mna nyuzinyuzi, ambazo wataalamu wa lishe wa Tanzania hupenda kuziita makapimlo. Hizi ni sehemu za mmea ambazo utumbo mwembamba hushindwa kuzimeng'enya, zikapita hadi utumbo mpana, zikalisha bakteria wa huko na kulainisha choo.

Kwa hiyo soda nayo ni wanga, tena wanga uliovuliwa kila kitu. Embe lina wanga. Maharage yana wanga mwingi, pamoja na protini yake. Anayetangaza kwamba ameacha wanga kwa kawaida ameacha ugali na wali, basi. Chai yake bado ina vijiko vitatu na jioni anapitia maandazi mawili. Kilichoachwa ni kile kinachoonekana.

Sasa mwilini. Gramu moja ya wanga hutoa nishati ya kilokalori 4 hivi, sawa na protini. Gramu moja ya mafuta hutoa 9. Ukila ugali, minyororo ile hukatwakatwa tumboni na kuwa glukosi, glukosi ikaingia kwenye damu, na kongosho likatoa homoni ya insulini inayozifungulia seli mlango. Ubongo peke yake hutumia gramu kama 120 za glukosi kwa siku. Inayobaki huwekwa kwenye ini na misuli kwa jina la glaikojeni, na ghala hilo kwa mtu mzima hubeba gramu 400 hadi 500 hivi.

Ukila kupita matumizi yako kila siku, utanenepa, hilo halina mjadala. Ila njia yake inashangaza kidogo. Mwili hauna haraka ya kugeuza wanga kuwa mafuta. Kazi hiyo ina gharama. Unachopenda kufanya ni kuuchoma wanga kwanza na kuyaweka akiba mafuta yaliyokuja pamoja nao kwenye sahani ileile. Ndiyo maana chapati, chipsi, vitumbua na sambusa wanastahili kuitwa barazani kabla ya ugali. Gramu 100 za viazi vya kuchemsha zina kilokalori zisizofika 90. Vikate viazi vivyo hivyo, vikaange kwenye karai la mafuta, na gramu 100 za chipsi zinakaribia 300. Kiazi hakikubadili tabia. Maji yametoka, mafuta yameingia. Ukiongeza mayai ya zege juu yake, unajua mwenyewe.

Kuna jambo moja huwachanganya watu wengi, na mimi lilinichanganya. Mwaka fulani niliacha ugali, wali na mkate kwa majuma mawili. Mizani ikasoma kilo tatu chini, nikatembea mtaani kama bwana harusi. Kisha nikaenda harusini kwa kweli, pilau Jumamosi na biriani Jumapili, na Jumatatu kilo mbili zilikuwa zimerudi. Nikadhani mwili wangu una laana. Maelezo yake ni mepesi: kila gramu ya glaikojeni huhifadhiwa pamoja na gramu kama tatu za maji. Ukikata wanga ghafla, ghala linamalizwa na maji yake yanatoka kwa mkojo. Nusu kilo ya akiba inaondoka na kilo moja na nusu ya maji. Pilau ikirudi, ghala linajazwa na maji yanarudi. Mafuta ya tumboni hayakuhusika sana katika safari zote mbili.

Baada ya majuma hayo ya kwanza yenye furaha, je, anayekata wanga humpita anayekata mafuta? Jaribio ninalolipenda lilifanywa na Christopher Gardner na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, likachapishwa mwaka 2018. Watu wazima 609 wenye uzito uliozidi waligawanywa makundi mawili: wengine wapunguze mafuta, wengine wapunguze wanga, na wote wahimizwe kula mboga za majani kwa wingi na kuepuka sukari na unga uliokobolewa. Mwaka ulipokwisha, kundi la mafuta machache lilikuwa limepungua wastani wa kilo 5.3, na la wanga mchache kilo 6.0. Kitakwimu hiyo si tofauti. Lililonivutia zaidi ni kwamba ndani ya kila kundi kulikuwa na waliopungua kilo nyingi sana na wengine walioongezeka, kwa mlo ule ule.

Na wanga ungekuwa unanenepesha kwa kuwapo tu, wakimbiaji wa Bonde la Ufa wasingepita mlangoni. Watafiti waliowapima wakimbiaji mahiri 10 wa Kikalenjin na kuchapisha matokeo mwaka 2004 walikuta zaidi ya robo tatu ya nishati yao inatoka kwenye wanga, ugali ukiongoza, na sukari ya chai ikifuatia kwa karibu. Bila shaka wao walikuwa wakikimbia asubuhi na jioni, na mimi hupanda bodaboda kwenda kituoni. Wahadzabe wa karibu na Ziwa Eyasi nao huishi kwa mizizi, ubuyu, matunda pori, nyama na asali nyingi, na ni nadra kumkuta mwenye kitambi.

Mlo wa kukata wanga karibu wote, unaoitwa keto, una historia yake ya heshima: ulibuniwa mwaka 1921 katika Mayo Clinic huko Marekani kwa ajili ya wagonjwa wa kifafa. Mtu akila chini ya gramu 50 hivi za wanga kwa siku, ini huanza kutengeneza ketoni, yaani kuni mbadala za glukosi, kutokana na mafuta, na ubongo hujifunza kuzitumia. Wapo wanaopungua kwa njia hiyo, hasa kwa sababu hamu ya kula hushuka. Mimi siupigi vita. Ila kwa mtu anayekula nyumbani, pamoja na watoto na wageni, kutoka sufuria moja, sijui ataushika kwa miezi mingapi. Na mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari asithubutu kukata wanga kabla ya kuongea na daktari wake, kwa sababu dawa iliyopimwa kwa mlo wa zamani inaweza kuishusha sukari hadi akazimia. Mjamzito na anayenyonyesha vilevile waulize kwanza.

Turudi kwenye sahani yetu, kwani hapo ndipo penye kazi. Angalia lugha inavyotutenga. Mtu akisema "leo sijala chakula", anaweza kuwa amekula ndizi mbili, karanga na kipande cha samaki. Chakula kwake ni ugali au wali. Vingine vyote, kuanzia mchicha hadi nyama, huku Tanzania tunaviita mboga, au kitoweo, kile cha kushushia tonge. Ugali ndiye bwana na mboga ni mtumishi wake. Sahani hupakuliwa hivyohivyo: mlima wa ugali, na pembeni kidimbwi cha mchuzi chenye vipande viwili vya nyama vilivyohesabiwa. Umaskini una sehemu yake hapo, nisijifanye sijui; unga ni rahisi kuliko samaki. Lakini hata mwenye uwezo hupakua vilevile, kwa mazoea.

Anayetaka kupungua bila kuteseka afanye mapinduzi hapo. Ugali ubaki, ila uwe kitoweo cha mboga. Nusu ya sahani iwe majani: mchicha, matembele, kisamvu, sukuma wiki, kachumbari isiyo na chumvi nyingi. Robo iwe samaki, maharage, dagaa, kuku au yai. Robo inayobaki ndiyo ya wanga, tonge za ukubwa wa ngumi yako hivi. Mara ya kwanza utaona umepunjwa. Tumbo husikiliza ujazo, protini na nyuzinyuzi, na mlima wa sukuma wiki una ujazo mkubwa na kalori chache, mradi mpishi hakuuogesha mafuta. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta kina kilokalori kama 120, na wapishi wetu wengi hawapimi kwa kijiko.

Aina ya wanga nayo ina maana, ila hapa watu hukosea kwa upande wa pili. Wanasikia kwamba dona ni bora kuliko sembe, wanakula dona sahani mbili. Gramu 100 za unga, uwe dona au sembe, zina nishati inayokaribiana, kilokalori 350 na ushei. Tofauti ni kwamba kukoboa huondoa ganda na kiini, na humo ndimo mlimokuwa nyuzinyuzi nyingi na sehemu kubwa ya vitamini B. Dona hukaa tumboni, sukari hupanda polepole zaidi, na unashiba kwa tonge chache ukijipa nafasi ya kusikia. Uji wa ulezi au mtama usiokobolewa uko kundi hilo. Maharage, kunde, choroko na mbaazi ndio wafalme: kikombe kimoja cha maharage yaliyoiva kina zaidi ya gramu 10 za nyuzinyuzi, wakati Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima apate angalau gramu 25 kwa siku. Makande, au githeri kwa wa Kenya, ni chakula cha kupunguza uzito ambacho hakuna anayekitangaza.

Kiazi nacho kimesingiziwa mengi. Mwaka 1995 Susanna Holt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Sydney waliwapa watu vyakula 38, kila kimoja kwa kiasi chenye nishati sawa, wakapima nani ameshiba. Kilichoongoza, kikiupita mkate mweupe zaidi ya mara tatu, kilikuwa kiazi mviringo cha kuchemsha. Viazi vitamu, magimbi na ndizi za kuchemsha haviko mbali na mantiki hiyo, alimradi tui la nazi lisiwe zito kama la mlo wa mkwe.

Wanga wa kuuogopa ni ule wa kunywa. Soda ya mililita 300 hubeba sukari ya gramu kama 30, vijiko saba vya chai, na tumbo halihesabu: mtu hunywa kisha akala sahani yake kama kawaida. Juisi ya miwa haina tofauti kubwa, na ya embe iliyotiwa sukari ndiyo hiyohiyo. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ni vizuri zaidi ikiwa chini ya asilimia 5, yaani gramu 25, vijiko sita hivi. Vikombe vitatu vya chai kwa vijiko vitatu kila kimoja ni tisa tayari, na hatujafika kwenye andazi.

Na kiporo? Kuna watu wanaapa kwamba wali uliolala haunenepeshi. Kuna chembe ya ukweli: wanga ukipikwa ukapoa, sehemu yake hujipanga upya na kuwa sugu kumeng'enywa, ikafanya kazi kama nyuzinyuzi. Sehemu hiyo ni ndogo. Kiporo kikikaangwa kwa mafuta asubuhi, faida yote imekwisha, na wali uliolala juu ya meza bila friji unaweza kukupunguza uzito kwa njia ya kuhara.

Mtihani mgumu kuliko yote huwa mwezi wa Ramadhani, hasa Pwani na visiwani. Jamvi la futari lina mihogo ya nazi, magimbi, viazi vitamu, ndizi mbichi, tambi za sukari, kaimati, uji na juisi, na karibu vyote ni wanga kwa sura mbalimbali. Nimejaribu njia nyingi na iliyonifaa ni hii: tende tatu na maji, uji usio na sukari, kisha nachagua mzizi mmoja tu kwa siku, leo mhogo, kesho gimbi, pamoja na samaki na kachumbari. Kaimati nimeziwekea siku yake, Ijumaa, na hazizidi nne. Shangazi yangu huhesabu tano, kwa sababu ile aliyoionja jikoni ananiandikia mimi.