Kijivu cha kati: kwa nini barafu nyeupe hutoka chafu kwenye picha

Ndani ya kila kamera ya kisasa kuna kipimo cha mwanga, na kipimo hicho kina imani moja: ukichanganya weusi na weupe wote ulio mbele ya lenzi, unapata kijivu. Hicho ndicho wapiga picha wanakiita kijivu cha kati, rangi inayorudisha takriban asilimia 18 ya mwanga unaoiangukia. Sokoni au shambani imani hiyo haikosei sana. Kuna ukuta mweupe huku, kivuli cha mwembe kule, jumla yake inakaribia kijivu kweli.

Sasa ingia nayo kwenye uwanja wa ndani wa hoki ya barafu. Chini kweupe, mbao za pembeni nyeupe. Kamera inaona mwanga umezidi, inaupunguza mpaka weupe wote uwe kijivu. Barafu inatoka rangi ya saruji, na uso wa mchezaji chini ya kofia ngumu unamezwa na giza.

Hilo la uso ndilo linaloniuma. Nairobi kuna uwanja wa barafu ndani ya hoteli ya Panari, Mombasa Road, na timu ya Kenya Ice Lions iliyokulia hapo ilialikwa Kanada mwaka 2018, ikacheza pamoja na nyota wa hoki wa Kanada, Sidney Crosby na Nathan MacKinnon. Mchezaji mweupe akipigwa picha yenye upungufu huu, bado sura yake inasomeka. Mweusi hana akiba hiyo. Kijana amefunga bao, anacheka meno yote nje, na kwenye picha huoni ila jezi na kofia yenye kiza ndani.

Dawa nyepesi ni kitufe chenye alama ya + na −: ongeza kati ya +1 na +2, kamera itaacha mwanga uingie. Lakini mimi nakushauri uende mbele zaidi, uweke kamera kwenye M na upange kila kitu mwenyewe. Kwenye +/− kamera bado inakisia kila unapobonyeza, kwa hiyo kipa mwenye jezi nyeusi akijaza fremu itabadili mawazo na kuunguza picha. Taa za ukumbini hazina mawingu. Kipimo kimoja kizuri kinatosha mchezo mzima. Wakati wachezaji wanapasha misuli moto, jaza fremu kwa barafu tupu, kisha panga mpaka mshale wa kipimo usimame karibu na +1.5. Tazama histogramu, ule mchoro wa kamera unaoonyesha giza upande wa kushoto na weupe upande wa kulia: mlima wa barafu ukae karibu na ukingo wa kulia bila kuugonga. Pima pia kwenye kona, maana mara nyingi kuna giza kuliko katikati.

Katika kupanga huko, kasi ya shata, yaani muda ambao pazia la kamera linabaki wazi, ndiyo ya kwanza, na hesabu yake ni rahisi. Mchezaji anayeteleza kwa kilomita 30 kwa saa anakwenda zaidi ya mita 8 kila sekunde. Ukipiga kwa 1/125 ya sekunde, amesogea karibu sentimita 7 shata ikiwa wazi, na uso wake umeshakuwa ukungu. Kwa 1/1000 amesogea milimita 8 tu. Kile kisahani cheusi cha mpira wanachokipiga kina upana wa sentimita 7.6, na kikipigwa kwa kilomita 150 kwa saa, hata hiyo 1/1000 inakikuta kimesogea sentimita 4. Mstari huo mfupi mweusi nyuma yake mimi naupenda, unaonyesha nguvu ya pigo. Usishuke chini ya 1/500.

Tundu la lenzi lifungue hadi mwisho, f/2.8 kama unayo (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni pana). Lenzi inayoishia f/5.6 inapitisha robo tu ya mwanga huo, kwa hiyo pale mwenzako anapotumia ISO 3200, yaani kipimo cha wepesi wa kamera kuhisi mwanga, wewe utahitaji 12800. Picha itakuwa na chenga, yaani vidoadoa. Ikubali. Chenga hupunguzwa baadaye kwa programu, lakini uso uliokuwa ukungu haurudi.

Rangi nazo zina hila yake. Taa nyingi za kumbi zinapepesa kwa kufuata umeme, mara 100 kwa sekunde kwenye umeme wa herzi 50 kama wa Kenya, mara 120 kwenye ule wa herzi 60 wa Kanada. Jicho halioni, ila shata ya 1/1000 inanasa kipande tu cha kila mpepeso, ndiyo maana picha tatu mfululizo hutoka moja ya manjano, moja ya kibuluu, moja hafifu. Kamera nyingi za sasa zina setingi ya kuzuia mpepeso; iwashe. Kisha piga barafu safi na uiambie kamera kwamba huo ndio weupe. Flashi ya juu ya kamera iache: itarudishwa na kioo cha pembeni.

Mapumziko ya kwanza yakifika, baada ya dakika 20 za mchezo, chagua picha moja ya mchezaji anayekuja upande wako na uikuze kwenye skrini mpaka ubaki na uso peke yake. Kama macho yanaonekana chini ya kofia, usiguse kitu.