Kifurushi Kikubwa Hakiponyi Wi-Fi Dhaifu
Imani kwamba Wi-Fi inayofifia katika chumba cha mwisho hutibiwa kwa kununua kifurushi cha intaneti chenye kasi zaidi imedumu miaka mingi, na imewagharimu watu fedha bila sababu. Kifurushi huamua kasi ya data inayofika kwenye ruta, yaani kifaa kinachosambaza intaneti nyumbani. Kutoka hapo hadi kwenye simu, data husafiri kwa mawimbi ya redio, ambayo nguvu yake haiongezeki hata ukilipa maradufu. Mawimbi ya gigahezi 5 hubeba data nyingi lakini hudhoofika upesi yanapopenya kuta, hasa za zege lenye nondo, ilhali yale ya gigahezi 2.4 hufika mbali zaidi kwa kasi ndogo.

Kwa hiyo, pima kwanza kasi ukiwa karibu na ruta, kisha upime tena chumbani: tofauti ikiwa kubwa, tatizo limo ndani ya nyumba. Ihamishie ruta katikati, mahali pa juu na pa wazi. Isipotosha, ongeza kituo cha pili cha Wi-Fi kilichounganishwa na ruta kwa waya, kwa kuwa vifaa vya kurefusha mawimbi vinavyotumia redio moja kupokea na kutuma hupunguza kasi kwa takriban nusu.