Acheni kununua mwendo wa matiti

Nimetumiwa tena video. Mtoto wa farasi wa miezi miwili hivi, mkia umesimama wima, anaruka kwa mwendo wa matiti, ule wa midundo miwili ulio kati ya kutembea na shoti, ubavuni mwa mama yake, kwato zinaning'inia hewani kabla hazijagusa mchanga. Chini yake ujumbe: "Mwalimu, hapa si nimeshapata farasi wa Grand Prix?" Grand Prix ndiyo ngazi ya juu kabisa ya dresaji, mchezo wa farasi kuonyesha miendo yake mbele ya majaji. Swali hili nimelijibu kwenye simu, kwenye baruapepe, hata nikiwa juu ya tandiko. Leo naliandika, ili atakayefuata nimtumie kiungo niendelee na kazi.

Jibu ni: sijui. Anayekuuzia naye hajui, ila yeye ana sababu ya kujifanya anajua.

Hebu tutazame video hiyo inaonyesha nini hasa. Mtoto ametolewa bandani akaingizwa kwenye uwanja asioujua. Watu wamejipanga ukutani, mama yake anakimbizwa kwa kamba mbele, na nyuma yupo mtu anayetikisa mfuko wa plastiki au chupa yenye vijiwe. Mtoto huyo ana hofu. Farasi akiingiwa na hofu na msisimko hukaza mgongo, huinua kichwa na mkia, na miguu yake hukawia hewani kuliko kawaida. Hapo ndipo makofi yanapopigwa, na bei inapanda. Zima sauti, acha kutazama miguu ya mbele, tazama mgongo peke yake kuanzia mabegani hadi shina la mkia. Unacheza, au umekazwa? Kisha shuka kwenye mguu wa nyuma: unakunjika na kuingia chini ya tumbo, au unarushwa juu kwa mbwembwe huku kwato ikibaki nyuma ya makalio? Mguu unaobaki nyuma haubebi uzito. Piafe (matiti ya papo hapo), pasaji (matiti ya taratibu yanayoelea), pirueti (kuzunguka juu ya miguu ya nyuma), vyote ni kubeba uzito nyuma.

Kinachonichosha zaidi ni kwamba hata kama mwendo huo wa matiti ungekuwa wa kweli, ndio unaofundishika kuliko miendo yote. Mpandaji mzuri akipewa miaka minne mitano atamtoa farasi wa kawaida na mwendo wa matiti ambao majaji watauheshimu. Shoti, yaani mbio za midundo mitatu, hubadilika kidogo. Hatua, yaani mwendo wa kutembea, karibu haibadiliki, isipokuwa kwa kuharibika, na kuharibika huharibika upesi. Sasa wewe umelipia kile ambacho ungeweza kukitengeneza mwenyewe, ukaacha kuangalia vile ambavyo huwezi.

Shoti siitafuti uwanjani. Naitafuta malishoni jioni, watoto wanapoanza kukimbizana. Mtazame mmoja anavyoufikia uzio kwa kasi. Je, anashusha makalio, anageuka juu ya miguu ya nyuma na kuondoka tena kwa shoti ileile yenye midundo mitatu? Au anatawanyika, kila mguu na njia yake, mabega yanatumbukia, anaangukia kwenye matiti ndipo ajikusanye? Na anapobadili upande, mguu wa kuongoza, ule unaotangulia, unabadilika mbele na nyuma kwa pamoja, au mbele unabadilika na nyuma unachelewa miruko miwili mitatu? Mtihani wa Grand Prix unataka mabadiliko ya mguu 9 ya kila mruko wa pili wa shoti na 15 ya kila mruko, pamoja na pirueti kushoto na kulia. Yote hayo ni shoti. Mtoto anayebadilisha mguu kwa usafi bila kufundishwa na mtu amekuonyesha jambo kubwa, na mara nyingi hakuna aliyekuwa anamrekodi.

Hatua ndiyo inayoniumiza kichwa. Wanunuzi wamekariri kwamba kwato ya nyuma ipite alama ya kwato ya mbele, na ikipita sana ndiyo bora. Kuna ukweli humo, lakini si wote. Farasi mwenye hatua ndefu kupita kiasi hupendeza akiachiwa hatamu. Ukianza kumkusanya, yaani kumfupishia hatua huku uzito ukihamia nyuma, ile midundo minne inaanza kusogeleana, miguu ya upande mmoja inataka kwenda pamoja, na alama zinaporomoka. Kwenye Grand Prix hatua ndefu huhesabiwa mara mbili, na hatua ya kukusanywa nayo mara mbili, kwa hiyo huwezi kuificha popote. Mimi nachukua hatua inayopita kwa upana wa kwato moja au moja na nusu, midundo ikiwa sawasawa na mabega yamelegea, naacha ile inayopita kwa kwato tatu. Wenzangu wengi hawakubaliani nami hapa, na sina ushahidi wa kuwanyamazisha. Tatizo jingine ni kwamba mtoto wa farasi hatembei unapotaka atembee. Anamfuata mama kwa vimbio vifupi, anasimama, ananyonya, anakimbia tena. Ukipewa dakika tano za kutazama, hatua hujaiona. Subiri achoke.

Wafugaji wa zamani wanasema mtazame akiwa na siku tatu, wiki tatu na miezi mitatu, kisha usimtazame tena mpaka afike miaka mitatu. Nimeukuta usemi huo kila mahali, na sehemu ya mwisho naiamini kuliko ya kwanza. Kuanzia kuachishwa ziwa hadi miaka mitatu hivi, farasi hukua kwa zamu: makalio yanapanda juu ya mabega, shingo inaonekana imeazimwa, mwendo unapotea kabisa, halafu siku moja unarudi. Au haurudi. Sifa za mwendo hurithiwa kwa kiwango cha kati tu, na hakuna kipimo cha mtoto wa miezi mitatu kitakachokuambia kama atapenda kufanya kazi akiwa na miaka tisa. Wataalamu wanaochagua watoto wa mnada wa farasi wa Verden, Ujerumani, nao wanabahatisha. Wanabahatisha vizuri kuliko wewe na mimi, basi.

Ndiyo maana mimi namtazama zaidi mama. Baba wa mtoto huyu amezalisha mamia, na kila mtu anamjua jina. Kama ni dume la mtindo la miaka minne, hana hata mtoto mmoja aliyewahi kupanda uwanja wa mashindano, kwa hiyo jina hilo bado ni tangazo la biashara. Mama yuko pale mbele yako. Omba apandwe, kama bado anapandwa. Ashikwe miguu yote minne, apakiwe kwenye trela. Uliza watoto wake waliotangulia wako wapi na wanafanya nini. Ukijibiwa "wameuzwa nje", uliza nje wapi. Mama mwenye woga humfundisha mtoto woga kabla mwanadamu hajapata nafasi ya kumfundisha lolote.

Mambo ya daktari sitayarefusha. Alinyonya dang'a mapema, na damu yake ilipimwa kinga siku ya kwanza? Kifundo cha chini kilichopinda kinashughulikiwa ndani ya wiki za mwanzo. Baada ya miezi mitatu hivi nafasi ya kukinyoosha kwa ukuaji imekwisha. Vinasaba vya WFFS, ugonjwa wa kurithi unaodhoofisha ngozi na tishu za mtoto wa farasi, vinapimwa kwa unywele tu. Mwenye nakala moja anafaa kupandwa bila shida yoyote, ila usimzalishe na mwenzake mwenye nakala moja, maana mtoto mwenye nakala mbili haishi. Eksirei ya vipande vya gegedu kwenye maungio, subiri apite mwaka. Kasoro kadhaa zinazoonekana kwenye maungio ya miguu ya nyuma miezi ya mwanzo hujiponya zenyewe, na nimeona watu wakimrudisha mtoto mzima kwa picha iliyopigwa mapema mno.

Sasa ameshanunuliwa, na upuuzi wa pili unaanza. Mwenye farasi anamweka bandani peke yake asije akaumia, anamjaza nafaka ili awe mrefu, na akitimiza mwaka anamzungusha kwa kamba "ajenge misuli". Farasi wa damu vuguvugu (aina za michezo za Ulaya) anayekuzwa haraka kwa wanga ndiye anayeongeza hatari ya vile vipande vya gegedu, na kumzungusha kwenye duara dogo kunaminya maungio yaleyale. Urefu wake umeandikwa kwenye damu. Chakula kingi kinamfikisha mapema tu, wala hakimwongezei. Mpe majani, mpe madini yaliyopimwa vizuri, hasa shaba na uwiano wa kalsiamu na fosforasi, na umpime kwa mkono mbavuni: uzisikie bila kuzibonyeza. Mtaalamu wa kwato apite kila wiki sita hadi nane hata kama unaona kwato ziko sawa.

Na apate wenzake. Sisemi mbuzi, sisemi dirisha la banda la jirani. Nasema kundi la watoto wa rika lake, kwenye malisho yenye mteremko, mashimo na matope, pamoja na farasi mzee mmoja asiyevumilia utovu wa adabu. Huko ndiko anakojifunza kugeuka, kusimama, kuanguka na kuinuka, na kwamba kumng'ata mkubwa kuna malipo yake. Mtoto aliyelelewa na wanadamu kwa kubembelezwa na karoti mfukoni huja kwangu akiwa na miaka mitatu na kilo zaidi ya mia tano, akiamini mimi ni mwenzake wa kucheza naye. Huyo ni kazi ngumu kuliko yule asiyewahi kuguswa. Wewe mfundishe mambo manne: kuvaa hatamu ya kuongozwa, kutembea pembeni yako, kuinua miguu, kuingia kwenye trela. Kisha mwache.

Wanaoniuliza kama wampande akiwa na miaka miwili, hapana. Sahani za ukuaji za uti wa mgongo, sehemu laini ambako mfupa hurefuka, ndizo za mwisho kufunga, kwenye miaka mitano au sita, na tandiko linakaa hapohapo. Miaka mitatu ni kuzoeshwa kwa dakika chache, kisha arudi malishoni. Grand Prix ya kimataifa yenyewe hairuhusu farasi chini ya miaka 8. Dalera, jike wa uzao wa Trakehner aliyezaliwa 2007, alichukua dhahabu ya mtu mmoja mmoja kwenye Olimpiki ya Tokyo akiwa na miaka 14 na akairudia Paris akiwa na 17. Kwa hiyo anayeniambia kununua mtoto ni njia ya bei nafuu, akae na karatasi ajumlishe malisho, kwato, chanjo, dawa za minyoo, daktari na mkufunzi kwa miaka kumi, kisha aweke pembeni fungu la yule ambaye atavunjika mguu malishoni akiwa na miaka miwili. Huwa wananiletea hesabu ambayo fungu hilo halimo.