Je, wajua kwa nini polisi wa EVE Online hufika baada ya mchimbaji kulipuliwa?

Kijana wa Michenzani au wa Wete anayeanza kucheza EVE Online hupewa ushauri mmoja kabla ya mwingine wowote: chimba kwenye mifumo ya usalama wa juu, huko kuna polisi. Anafuata. Anatafuta mkanda wa mawe, anawasha mitambo ya kuchimbia, anaanza kujaza Veldspar, madini ya kawaida ya gemu hiyo. Mara vyombo vitatu vidogo vinatua karibu yake, na kabla hajaelewa kinachotokea chombo chake kimekuwa mabaki. Polisi wanafika muda huo huo na kuwaangamiza wavamizi wote watatu. Sheria imetekelezwa, na mzigo umekwenda. Imekuwaje?

Historia kwa ufupi. EVE Online ni gemu ya anga iliyotolewa mwaka 2003 na CCP, kampuni ya Iceland. Ukiwaacha wachezaji wa China wenye seva yao, wengine wote wamo katika ulimwengu mmoja unaoendeshwa na seva iliyoko London. Kila mfumo wa nyota una alama ya usalama. Kuanzia 1.0 hadi 0.5 ni usalama wa juu, 0.4 hadi 0.1 ni usalama wa chini, na 0.0 kwenda chini hakuna sheria kabisa. Polisi wa usalama wa juu wanaitwa CONCORD.

Dhana iliyoenea ni kwamba CONCORD ni walinzi. Sivyo. CONCORD ni watoa adhabu. Hawazuii risasi ya kwanza, hawamkamati mtu kwa nia aliyonayo, wala hawashiki doria kando ya jiwe unalolichimba. Kazi yao huanza kosa likishatendeka, na ikishaanza haikwepeki: chombo kilichofyatua risasi lazima kiharibiwe. CCP wenyewe wanahesabu kuikwepa adhabu hiyo kwa hila kuwa ni kuvunja kanuni za gemu, na mchezaji anaweza kuchukuliwa hatua kwa hilo.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo zima. Adhabu iliyo ya hakika ni gharama inayojulikana mapema, na gharama inayojulikana mapema inaweza kupangiwa hesabu. Mvamizi wa kujitoa mhanga hatumai kunusurika. Amenunua Catalyst, chombo cha bei ndogo chenye bunduki kali za masafa mafupi, akijua kuwa anakwenda kukipoteza. Hata bima hailipwi, kwani tangu toleo la Crucible la mwishoni mwa 2011 chombo kinachoharibiwa na CONCORD hakina fidia. Lakini kila kifaa kilichofungwa katika chombo cha mchimbaji kina nafasi ya nusu kwa nusu ya kubaki salama katika mabaki, na mwenzao ambaye hakufyatua hata risasi moja huja kukusanya. Thamani ya vifaa ikizidi bei ya Catalyst, biashara imelipa. Na wako wengine hawafuati faida hata kidogo. Wanalipua kwa sababu wanapenda kulipua, na hao hakuna hesabu ya bei itakayowazuia.

Kwa hiyo ile alama ya usalama inapima nini hasa? Inapima muda. Katika mfumo wa 1.0, CONCORD hufika baada ya sekunde 6 hivi tangu kosa kutendeka. Katika mfumo wa 0.5 ni sekunde 19 hivi. Kama polisi tayari wako mahali pengine ndani ya mfumo huo huo, muda unarefuka, na wavamizi wazoefu huwavuta makusudi kwenda pembe ya mbali kabla ya kushambulia. CCP huzirekebisha namba hizi mara kwa mara, kwa hiyo zichukue kama makadirio, lakini mpangilio wenyewe umedumu.

Tuzigeuze ziwe hesabu. Tuseme Catalyst moja, mikononi mwa rubani mwenye ujuzi, inatoa madhara 500 kwa sekunde. Catalyst tatu kwa sekunde 19 zinatoa 28,500. Hizo hizo tatu kwa sekunde 6 zinatoa 9,000 tu. Ili kufikisha zile 28,500 ndani ya mfumo wa 1.0, watahitajika wavamizi kumi. Hiyo ndiyo kazi ya alama ya usalama: inaamua ni watu wangapi lazima waitwe na vyombo vingapi lazima vitolewe sadaka ili wewe ulipuliwe. Haiamui kama inawezekana au haiwezekani.

Ukilishika hilo, uchaguzi wa chombo nao unabadilika. Retriever hupendwa kwa ghala lake kubwa, Covetor kwa kasi ya kuchimba. Procurer huonekana mnyonge mbele yao kwa sababu inajaza polepole. Lakini Procurer iliyofungwa vifaa vya kuimarisha ngao pamoja na Damage Control, kifaa kinachopunguza madhara ya risasi, huweza kustahimili mara kadhaa ya Retriever iliyoachwa bila vifaa hivyo, na kila unapouongeza uimara maradufu unawalazimisha wavamizi wawe maradufu. Mara nyingi wanakitazama chombo hicho kwa skana ya vifaa, wanapiga hesabu, halafu wanakwenda kumtafuta jirani yako. Kwa maoni yangu, anayeanza achimbe kwa Procurer na avumilie mapato madogo. Tofauti ya mapato inarudi yote siku ya kwanza unapoachwa ukiwa mzima.

Njia ya pili ya kunusurika ni kuondoka kabla ya risasi, na hapa kuna kanuni moja inayostahili kueleweka vizuri. Chombo hakiruki kwenda mbali papo hapo unapobonyeza. Seva inangoja mambo mawili yatimie pamoja: chombo kiwe kimeelekea kule unakotaka kwenda, na kiwe kimefikia asilimia 75 ya mwendo wake wa juu.

Chukua ngalawa mbili pale Mkokotoni. Moja imetia nanga, tanga limekunjwa kwenye foromali, omo inatazama Tumbatu. Ya pili tanga liko juu, upepo umeshaingia, omo imeshaelekezwa Nungwi na chombo kinakwenda. Sasa ifike habari kwamba zote mbili zielekee Nungwi bila kuchelewa. Wa kwanza ang'oe nanga, atweke tanga, ageuze omo, kisha angoje chombo kishike mwendo. Wa pili hana la kuongeza, ameshaondoka. Upepo ni ule ule na mabaharia wana ustadi ule ule. Wanachotofautiana ni kazi iliyofanywa kabla ya habari kufika.

Mchimbaji aliyesimama kando ya jiwe ni yule wa kwanza. Chombo chake kikubwa huhitaji sekunde 10 au zaidi kugeuka na kushika kasi, na Orca, chombo kikubwa cha kuwasaidia wachimbaji, huhitaji muda mrefu zaidi ya huo. Mchimbaji anayechimba huku anasogea kuelekea kituo, kwa mwendo unaozidi ile asilimia 75, ni yule wa pili: akibonyeza tu, anaruka. Njia hii ina taabu yake. Kwa mwendo wa mita 100 kwa sekunde, ndani ya dakika moja umesogea kilomita 6, wakati mitambo ya kuchimbia inafika kilomita 15 hivi. Inakubidi uchague jiwe lililo mbele yako, ulipite, ugeuke, uelekee sehemu nyingine salama. Kwa saa nzima kazi hiyo inachosha, ndiyo maana wachache huifanya katika usalama wa juu. Katika mifumo isiyo na sheria ni jambo la lazima.

Utajuaje sasa kwamba wakati wa kubonyeza umefika? Anayeshambulia kila mara alama yake binafsi ya usalama hushuka. Ikifika -5 au chini ya hapo, mtu yeyote anaruhusiwa kumpiga, na polisi wa madola ya gemu, ambao si CONCORD, humwandama kila anapotoka nje. Kwa hiyo hujificha kituoni, akisubiri mpelelezi asiye na kosa amtafutie windo. Majina ya watu hao huonekana katika orodha ya waliomo ndani ya mfumo, yakiwa na alama nyekundu. Yakiingia majina kadhaa kwa pamoja, elekeza chombo chako kituoni kabla ya kufanya jambo lolote. Skana ya mwelekeo, inayokuonyesha vyombo vilivyo mbali nawe, nayo hufika AU 14.3 (AU moja ni umbali wa Dunia hadi Jua); zamani kikomo chake kilikuwa kilomita 2,147,483,647, ambayo ni namba nzima kubwa kuliko zote inayoweza kukaa katika biti 32 zenye alama ya hasi na chanya. Kikomo cha macho yako angani kiliwekwa na kompyuta na si na fizikia, jambo linalonifurahisha kila ninapolikumbuka.

Bunduki za Catalyst ni za masafa mafupi, kwa hiyo lazima itue karibu kabisa na wewe. Anayerukia mkanda wa mawe bila msaada hutua kwenye alama ya mkanda. Ukichimba kilomita 50 au 60 kutoka hapo, wanahitaji mpelelezi asogee mpaka ubavuni mwako kwanza, na usogeaji huo unauona. Vilevile usikubali mwaliko wa kuingia kwenye kikosi cha mtu usiyemjua, maana mwanakikosi anaweza kuruka moja kwa moja hadi alipo mwenzake. Mawe ya mikanda hujaa upya seva inapozimwa kila siku, saa nane mchana kwa saa zetu, na baada ya hapo unakuwa na nafasi kubwa ya kuchagua jiwe lililo mbali na alama.

Limebaki suala la umbali na umeme. Wachezaji wa visiwani hulalamikia ucheleweshaji wa mawasiliano hadi London, lakini EVE huhesabu matukio kwa mapigo ya sekunde moja moja, kwa hiyo robo sekunde haina uzito iliyonao katika gemu za kufyatuliana risasi. Kukatika kabisa ndiko kunakoumiza. Unguja hupata umeme kwa nyaya za chini ya bahari kutoka Bara, na ilikaa gizani tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010. Pemba imeunganishwa na Tanga tangu 2010. Intaneti nayo ina historia yake: Mei 2024 nyaya za intaneti za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilipokatika, Tanzania nzima iliyumba. Ukikatikiwa ukiwa kwenye mkanda, chombo hakipotei hapo hapo. Seva ikishatambua kwamba umetoka, inajaribu kukirusha kwa dharura mpaka kilomita milioni moja kutoka ulipokuwa, na baada ya dakika moja hivi kinaondolewa angani. Lakini kama mvamizi ameshakifunga kisiruke, kinabaki pale pale mbele yake. Betri ndogo ya akiba inayoishikilia kompyuta na ruta kwa dakika tano inatosha kabisa kukifikisha kituoni.