Nyutroni ya saba ya beriliamu-11 inakaa wapi?

Kazi yangu ni kuhamisha nyutroni moja kutoka kiini hiki hadi kile, kisha kuangalia kilichoachwa kimeruka upande gani na kwa nishati kiasi gani. Kwa viini vyepesi, sijaona njia nyingine inayoonyesha wazi hivi nyutroni imekaa katika obiti ipi.

Chukua beriliamu-11: protoni 4, nyutroni 7. Kwa mpangilio wa matabaka tunaofundisha darasani, nyutroni mbili hujaza tabaka la s, na sita zinazofuata huingia la p. Ya saba basi ilipaswa kuwa kwenye p. Haipo huko. Imeruka hadi s ya juu, tena imeshikiliwa kwa nusu megaelektronivolti tu (kipimo cha nishati ndani ya viini), wakati katika viini vingi imara nyutroni hushikiliwa kwa takriban 8. Kwa ulegevu huo huenea mbali nje ya kiini, na hiyo ndiyo tunaiita halo.

Tunajuaje kuwa ni s? Tunarusha mwale wa beriliamu-10 kwenye utando wa plastiki ambayo hidrojeni yake imebadilishwa kwa duteriamu. Kiini cha duteriamu ni protoni na nyutroni zilizoshikana kwa megaelektronivolti 2.2 tu, hivyo huachana kwa urahisi. Beriliamu inapopita karibu huinyakua nyutroni, protoni ikabaki huru. Kwa kuwa kilicho kizito ndicho kinachosafiri, protoni tunazozihitaji zaidi hurudi kuelekea mwale ulikotokea, zikiwa na nishati ndogo. Basi vigunduzi vya silikoni tunavipanga upande huo, na utando lazima uwe mwembamba mno. Ukiwa mnene, protoni hupoteza nishati humo humo, na vilele viwili kwenye grafu ya nishati, vilivyoachana kwa megaelektronivolti 0.32, huungana kuwa kimoja.

Vilele hivyo ni hali ya chini ya beriliamu-11, yaani yenye nishati ndogo kabisa, na ile iliyo juu yake. Nishati hutuambia nyutroni imetua katika ipi. Pembe ndiyo hutuambia obiti. Nyutroni ikiingia bila mzunguko wowote, protoni huwa nyingi zaidi kwenye pembe ya sifuri, ukipima kwa kitovu cha masi. Ikiingia na kipimo kimoja cha mzunguko, kilele husogea pembeni. Nadharia ya jambo hili aliiweka mwanafizikia Stuart Butler mwaka 1951. Hali ya chini ina umbo la kwanza, ya juu yake ina la pili: mpangilio umepinduka.

Urefu wa kilele ni suala jingine, na hapo nawasihi wanafunzi wawe waangalifu. Tukiulinganisha na ukokotoo tunapata kiasi ambacho hali hiyo ni nyutroni ya s juu ya beriliamu-10 iliyo katika hali yake ya chini. Lakini dutroni, yaani kiini cha duteriamu, huweza kuvunjika njiani, na ukokotoo usiojali hilo hutoa jibu linaloyumba nishati ya mwale inapobadilika. Jaribio la Oak Ridge, Marekani, lililochapishwa mwaka 2012, lilipima kwa nishati nne tofauti. Uvunjikaji ulipoingizwa kwenye hesabu, jibu la hali ya chini lilitulia karibu na 0.7 kwa zote nne.