TEHAMA, kompyuta na ile "kwa" tunayoisahau

Mahafali ya kidato cha nne, mgeni rasmi kasimama: "Shule yetu sasa ina TEHAMA ishirini!" Makofi, vigelegele. Mwaka huu ni mara yangu ya tatu kusikia TEHAMA zikihesabiwa kama madawati.

TEHAMA ni Teknolojia ya Habari na Mawasiliano, yaani vifaa na mbinu za kukusanya, kuhifadhi na kupashana taarifa. Basi. Kompyuta imo, simu imo, redio nayo imo. Mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya ilipowafundisha Watanzania afya redioni, wakisikiliza kwa vikundi, hiyo ilikuwa TEHAMA kabla jina halijazaliwa.

Jina lenyewe lilianza likiwa refu zaidi. Kuna waliokuwa wakiandika TEKNOHAMA, likawa zito mdomoni, likapunguzwa. Lifungue uone: HA ni habari, MA ni mawasiliano. Neno mashine halimo. Na mawasiliano yana undugu na kuwasili. Kuwasiliana ni kufikiana. Kompyuta iliyoletwa ikafungiwa stoo kwa kuogopa vumbi imewasili tu, haijamfikia mtu.

Lakini kinachoniudhi hasa ni kuchanganya kujifunza kompyuta na kujifunza kwa kompyuta. La kwanza ni somo, lina mwalimu wake na kipindi chake: kuwasha, kuchapa, kuhifadhi faili. La pili ni la mwalimu wa bayolojia anayetaka wanafunzi waone moyo unavyosukuma damu, na shule haina maabara. Zipo programu kama Kolibri, zilizotengenezwa kwa ajili ya mahali pasipo na intaneti: mashine moja inabeba masomo na video, nyingine zinayachukua humo kupitia mtandao wa ndani wa shule, bila bando. Kwa mpango huo hata kompyuta sita zina kazi kubwa.

Au chukua vishikwambi vya Sensa ya 2022 walivyokuja kugawiwa walimu. Kinachoandalia somo ni TEHAMA katika elimu. Kinachoangalizia mpira ni TEHAMA pia, sibishi. Elimu ndiyo haimo.

Kwa hiyo, ndugu mgeni rasmi, kompyuta ishirini ziite kompyuta ishirini. Makofi utapigiwa vilevile. Ukitaka kutaja TEHAMA, tuambie mwalimu wa bayolojia anazipata siku gani.